Aliyevuka Ruvuma kwa ajili ya imani yake asirudishwe kabla ya kuulizwa

Kati ya Januari na katikati ya mwaka 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilihesabu zaidi ya raia 9,600 wa Msumbiji waliorudishwa kwa nguvu kutoka Tanzania kupitia Negomano, ng'ambo ya Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja. Wengi wao walikuwa wanakimbia vita ya Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, na wimbi kubwa lilikuja baada ya mji wa Palma kushambuliwa Machi 24 mwaka huo. Baadhi yao waliliambia shirika hilo kwamba baada ya kuvuka Mto Ruvuma walipelekwa kwenye shule, wakahojiwa na maofisa wetu, na aliyeshindwa kuthibitisha kuwa ni Mtanzania akarudishwa.

Kwa hiyo waliulizwa. Ila swali lilikuwa moja tu: wewe ni raia wa wapi? Swali ambalo sheria ya nchi yetu inataka mtu wa namna hii aulizwe ni jingine kabisa: unakimbia nini, na ukirudi utafanywa nini? Ninaandika makala haya kwa sababu ya watu waliopotelea katika pengo lililo kati ya maswali hayo mawili, na hasa wale ambao kilichowakimbiza ni dini. Hao ndio rahisi zaidi kutoonekana, maana kwa nje wanafanana na kila mtu anayekimbia risasi.

Mtu akisikia habari za kuomba hifadhi kwa sababu ya dini, mawazo humpeleka mbali. Atawafikiria Warohingya, Waislamu wa Myanmar, ambao zaidi ya 700,000 kati yao waliingia Bangladesh kuanzia Agosti 2017. Au Eritrea, ambako tangu 2002 serikali inayatambua madhehebu manne tu, na Mashahidi wa Yehova walikwisha kunyang'anywa haki zao za uraia tangu 1994. Mifano hiyo ni ya kweli na ni mizito. Lakini mtu wa Mtwara hana haja ya kwenda mbali hivyo. Akisimama Kitaya akatazama ng'ambo, anaiona nchi ambayo tangu Oktoba 5, 2017, siku Mocímboa da Praia iliposhambuliwa kwa mara ya kwanza, watu wanauawa na watu wanaodai kufanya hivyo kwa jina la dini.

Kuna kosa la tafsiri ambalo tunalifanya sana huku kusini, barazani na hata maofisini. Tunaiona vita ile kama Waislamu dhidi ya Wakristo, kisha tunahitimisha kwamba Mkristo aliyekimbia amekimbia kwa sababu ya dini, na Mwislamu aliyekimbia amekimbia vita tu, au mbaya zaidi, kwamba Mwislamu huyo huenda ni mmoja wa washambuliaji. Historia ya kundi lenyewe inakataa. Kabla hawajashika bunduki, vijana wale walianza kwa kugombana na masheikh wa vijijini mwao. Walikuwa wakiingia misikitini na viatu, wakikataza watoto kwenda shule za serikali, wakiwaambia wazee waliosali katika misikiti ile miaka yote kwamba ibada yao ni batili. Baraza la Kiislamu la Msumbiji liliionya serikali juu yao kabla damu haijamwagika. Waliokuwa wa kwanza kuwakatalia hadharani walikuwa Waislamu, na waliokataa wameendelea kulipa gharama ya kukataa kwao.

Chukua mfano wa mwalimu wa chuo, namaanisha chuo cha Qur'ani, mwenye wanafunzi thelathini kwenye kibanda cha makuti kijiji fulani cha Mocímboa. Anafundisha alifu kwa kijiti kama alivyofundishwa na babu yake. Anasoma maulidi mwezi wa Mfungo Sita. Vijana wanamjia na kumwambia maulidi ni uzushi, na kwamba wanafunzi wakubwa waende nao porini. Anakataa. Wanarudi mara ya pili, usiku. Mwalimu huyu akifika Tandahimba na mkewe na watoto, ukimuuliza harakaharaka atakujibu, "Tumekimbia vita." Hatasema "nimeteswa kwa sababu ya dini," kwa kuwa hata yeye mwenyewe hajioni hivyo, wanaomtafuta wanasali kuelekea kibla kilekile anachoelekea yeye. Lakini kisheria mwalimu yule ni mtu anayeteswa kwa ajili ya imani yake, sawasawa na katekista wa Muidumbe aliyekimbia baada ya misheni ya Nangololo kushambuliwa mwaka 2020.

Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa 1951, ambao Tanganyika na Zanzibar zilipoungana ulikuwa miongoni mwa mikataba ya mwanzo kabisa kuridhiwa, mwaka 1964, unataja sababu tano zinazomfanya mtu mwenye hofu ya kuteswa awe mkimbizi: rangi au kabila, dini, utaifa, kuwa mmoja wa kundi fulani katika jamii, na maoni ya kisiasa. Dini ni ya pili katika orodha hiyo. Mwongozo ambao UNHCR ilitoa Aprili 2004 kuhusu maombi ya aina hii unaitazama dini kwa upana: ni kile mtu anachokiamini, ni jamii anayohesabiwa kuwa yake, na ni namna anavyoishi. Kutokuamini nako kumo. Kukataa tafsiri ya mtu mwingine ndani ya dini yako mwenyewe nako kumo. Wala si lazima mtesaji awe serikali. Akiwa ni kundi lenye silaha na serikali imeshindwa kukulinda, hiyo inatosha.

Na upande wa pili wa sarafu usisahaulike. Baada ya shambulio la 2017, serikali ya Msumbiji ilifunga misikiti kadhaa na kukamata watu wengi. Kwa mtu mwenye ndevu na kanzu, kijiji kilikuwa na hatari mbili: waliokuja usiku kumlazimisha, na waliokuja mchana kumshuku. Mwislamu wa Cabo Delgado anaweza kabisa kukimbia vyote viwili kwa mpigo. Hofu yake isichukuliwe kuwa pungufu eti kwa sababu haina adui mmoja wa kuonyeshwa kidole.

Najua hoja ya usalama, na siichukulii kirahisi. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa kutoka ng'ambo. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa, na mkuu wa jeshi la polisi wa wakati huo alikiri hadharani kwamba wavamizi walitoka Msumbiji. Kabla ya hapo tulikuwa na mauaji ya Kibiti na Rufiji, na haikuwa siri kwamba baadhi ya waliohusika walivuka kwenda kusini. Mwananchi wa Kitaya aliyelala porini akisikia bunduki ana haki ya kuiuliza serikali yake inamruhusu nani aingie. Mimi nisingependa mtu yeyote amwone kuwa mkatili kwa kuuliza.

Ila hoja hiyo ikifuatwa mpaka mwisho wake, inatudai kuhoji zaidi, sio kuhoji kidogo. Mkataba uleule wa 1951 unamnyima hadhi ya ukimbizi mtu aliyetenda uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya binadamu. Sasa utamjuaje bila kukaa naye? Mahojiano ya imani ndiyo yanayomtenga mwalimu aliyekataa na kijana aliyekwenda kumkamata. Ukimuuliza mtu kuhusu msikiti wake, nani alikuwa imamu, nani alimpinga, ugomvi ulianza siku gani na kwa jambo gani, nani alikwenda porini na nani hakurudi, utapata habari ambazo hakuna kizuizi cha barabarani kitakachokupa. Waliorudishwa kwa makundi kupitia Negomano waliondoka na ushahidi huo. Kama kati yao alikuwamo mhalifu, naye aliachiwa aende zake.

Hapa wasomaji wengine wataniuliza: kama mtu yule anakimbia vita, kwa nini tuhangaike na dini yake? Vita haitoshi? Inatosha, na hilo ni jambo la kujivunia kwa Afrika. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliopitishwa Addis Ababa Septemba 10, 1969 ulipanua maana ya mkimbizi, ukamwingiza pia yule aliyelazimika kuhama kwa sababu ya uvamizi, ukaliaji wa kigeni au matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma, iwe ni katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima. Maneno yale ya "sehemu ya nchi" yana uzito mkubwa kwa mtu wa Palma. Yanamwokoa na lile swali ambalo maofisa wa nchi nyingi hupenda kuuliza: mbona hukukimbilia Nampula, kwingine nchini mwako? Na Sheria yetu ya Wakimbizi, namba 9 ya mwaka 1998, imeziingiza tafsiri zote mbili katika kifungu cha 4, ile ya 1951 na ile ya 1969.

Tofauti inakuja baadaye, vita ikitulia. Agosti 2021 majeshi ya Rwanda na ya Msumbiji yaliirudisha Mocímboa da Praia mikononi mwa serikali. Tangu hapo kila mara husikika sauti kwamba hali imetengemaa, watu warudi makwao. Aliyekimbia risasi tu anaweza kurudi risasi zikinyamaza. Lakini yule mwalimu wetu hakukimbia risasi tu. Jina lake linajulikana. Waliomtafuta wapo, wengine wamerudi vijijini na kuficha silaha, wengine ni watoto wa majirani zake. Mji unaweza kuwa na bendera ya serikali na soko likafunguliwa, na bado mtu mmoja asiweze kulala ndani yake. Kama faili lake linasema "vita", siku ikitangazwa kwamba vita imekwisha hana tena cha kushika. Kama linasema kwamba aliwindwa kwa kukataa mafundisho fulani, italazimu mtu aulize upya: wale waliomwinda wako wapi?

Wapo pia wanawake na wasichana, na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Mamia walitekwa Cabo Delgado, wakalazimishwa kufuata ibada ya waliowateka, wakaozwa kwa nguvu. Msichana wa aina hii akitoroka na kuvuka mto, dini na unyanyasaji wa kijinsia vimefungamana katika mwili wake kiasi kwamba huwezi kuvitenganisha. Hawezi kulisema hilo mbele ya ofisa wa kiume aliyevaa sare, huku baba yake mdogo akiwa amekaa kwenye benchi lilelile. Atanyamaza au atasema mambo nusunusu, kisha maelezo yake yataandikwa kuwa yanajipinga.

Hili la mahali pa kuulizia linaonekana dogo, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua mengi. Kifungu cha 9 cha sheria yetu kinamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba tangu aingie nchini, kwa ofisa aliyeidhinishwa, au kwa mtendaji wa kijiji, au kwa hakimu. Mtendaji wa kijiji! Waliotunga sheria walijua kwamba anayekimbia hafikii Dodoma, anafikia kijijini. Sasa ifikirie ofisi ya mtendaji katika vijiji vya bonde la Ruvuma. Chumba kimoja, meza, benchi, dirisha lisilo na kioo. Wakati wa msimu wa korosho kuna watu wa chama cha msingi nje wanasubiri mihuri. Mgeni akiingia na kuanza kusema, nusu ya kijiji inasikia kupitia dirishani, na nusu ya kijiji ina ndugu ng'ambo. Wamakonde, Wamakua na Wayao hawakugawanywa na mto. Ni sisi tuliochora mpaka juu yao. Maneno yaliyosemwa Jumatatu kwenye ofisi ile yanaweza kuwa yamefika Nangade kabla ya Ijumaa. Mtu aliyekimbia kwa sababu ya alichosema msikitini anajua kuliko sisi sote namna maneno yanavyosafiri.

Ukaribu huohuo ungeweza kuwa neema. Popote pengine duniani, kumpata mkalimani wa Kimakonde cha Msumbiji au wa Kimwani ni kazi ya kuumiza kichwa. Hapa Mtwara wapo kila mtaa. Mtu anaweza kuhojiwa kwa lugha aliyonyonya, na mwulizaji akajua tofauti ya kijiji na kijiji. Sharti lake ni kwamba mkalimani asiwe jirani wa mhojiwa, asiwe wa msikiti au kigango kilekile, na aape kutunza siri. Jambo hili halihitaji wafadhili.

Kisha maswali yenyewe. Katika nchi nyingi zenye utaratibu wa hifadhi, waombaji wameteseka mikononi mwa maofisa wanaogeuza mahojiano kuwa mtihani wa dini: taja mitume kumi na wawili, taja nguzo, soma sala hii bila kukosea. Mwongozo wa 2004 unatahadharisha kwamba maarifa ya mtu juu ya dini yake si kipimo cha kutosha cha ukweli wake. Bibi wa Muidumbe ambaye maisha yake yote amesali rozari kwa Kimakonde anaweza asijue jina la mtume hata mmoja zaidi ya Petro. Atakachojua ni nani aliyepiga kengele siku misheni ilipovamiwa, ni wimbo gani ulikuwa unaimbwa, mlango upi alitokea. Maswali mazuri ni yale yanayofuata maisha ya mtu: ulikuwa unafanya nini siku za ibada, uliacha lini kufanya, kwa nini uliacha, ukirudi utathubutu tena?

Na pale anapojibu kwamba hatathubutu, asiambiwe basi arudi na akae kimya. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Septemba 5, 2012, katika shauri la Waahmadiyya wawili kutoka Pakistan, kwamba mamlaka haziwezi kumtarajia mtu aepuke mateso kwa kuacha kuitenda dini yake. Uamuzi ule haufungi mikono ya ofisa wa Newala, lakini mantiki yake iko wazi kwa yeyote: ukishamwambia mtu ajifiche ili asalimike, umekiri kwamba asipojificha hasalimiki.

Nina mfano mmoja wa jirani zetu ambao nadhani kila mwenye mamlaka mpakani angepaswa kuujua. Mwaka 1967 serikali ya Kamuzu Banda iliwapiga marufuku Mashahidi wa Yehova nchini Malawi. Kosa lao kubwa lilikuwa kukataa kununua kadi ya chama tawala, kwa imani kwamba Mkristo hapaswi kujiunga na siasa. Kadi yenyewe ilikuwa ya senti chache. Walipigwa, nyumba zikachomwa, wanawake wakanajisiwa. Mwaka 1972, baada ya mkutano mkuu wa chama kutaka wafukuzwe makazini na vijijini, maelfu walikimbilia Zambia na kuwekwa Sinda Misale. Kabla mwaka haujaisha Zambia iliwarudisha. Waliporudi mateso yakaanza tena, wakakimbia upya, safari hii Msumbiji. Msumbiji nayo ilipopata uhuru mwaka 1975, chama kilichoshika dola kikataka wapige kelele za "viva", nao wakakataa kama walivyokataa kwao. Wakaishia kambi za Carico, wilayani Milange. Marufuku ya Malawi haikuondolewa hadi 1993.

Utaona kwamba kila jirani aliwatazama watu hawa akauliza swali lake mwenyewe. Zambia iliuliza kama nchini kwao kuna vita, haikuwapo. Msumbiji iliuliza kama wanaunga mkono mapinduzi, hawakuyaunga. Hakuna aliyejali swali la imani, ambalo lilikuwa ndilo pekee lenye jibu. Wala Tanzania haikuwa safi wakati huo. Madhehebu hayohayo yalifungiwa hapa nchini katikati ya miaka ya 1960 na hayakuandikishwa tena mpaka 1987.

Kusini yetu yenyewe imejengwa sehemu kubwa na watu waliofika bila kwao. Masasi ilianza kuwa mji mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere alipotoka Lindi na kundi la watumwa waliokombolewa, wakikusudia kufika Ziwa Nyasa, wakaishia kulima pale. Baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 16, 1960, na zaidi baada ya vita ya ukombozi kuanza Septemba 1964, maelfu ya watu kutoka Msumbiji walivuka Ruvuma. Rutamba, mkoani Lindi, ikawa makazi yao. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea. Majeruhi walitibiwa Mtwara. Wapo watu wazima leo Lindi na Mtwara ambao wazazi wao walifika kwa njia hiyo, wengine bado wanaitwa Mawia, jina la kejeli kwa Wamakonde wa Msumbiji, na wanavumilia. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, tuzo kubwa ya dunia ya kuwatumikia wakimbizi, na sehemu ya heshima ile ilitokana na jembe na chakula cha watu wa huku.

Enzi hizo tuliwapokea wote bila kumhoji mmoja mmoja, kwa kuwa sababu ilikuwa inajulikana na adui alikuwa mmoja. Mwaka 2021 tuliwarudisha wengi bila kumsikiliza mmoja mmoja, kwa kuwa tulikuwa na hofu. Vita ya sasa haifanani na ile ya Wareno. Ndani ya mtumbwi mmoja anaweza kuwamo aliyekimbia kulazimishwa na aliyewalazimisha wengine. Aprili 2020 zaidi ya vijana 50 waliuawa Xitaxi, wilayani Muidumbe, kwa kukataa kujiunga. Waliosalia wa rika lao ndio hao ambao kizuizini tunawatazama kwa mashaka zaidi, kwa kuwa ni vijana, ni wanaume, na hawana karatasi.

Kwamba wapo wanaodanganya, ni kweli. Wapo duniani watu wanaojitungia mateso ili wapate makaratasi ya Ulaya, wengine hata hubadili dini wakiwa ugenini. Kila anayefanya hivyo anamwibia mtu mwenye shida ya kweli. Lakini mtu wa Palma anayeomba kukaa Nanyamba kwa shangazi yake hana soko la namna hiyo. Anachokipata hapa ni jembe na kivuli cha mkorosho. Akitambuliwa rasmi, anaweza hata kuhamishiwa kambini Kigoma, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwa watu anaosikilizana nao, kwa kuwa sera yetu bado ni ya makambi. Hili nalo linawafanya wengi wasijitokeze kabisa. Wanakaa kwa ndugu, wanasali kwa siri au wanaacha kusali, na siku saba za sheria zinawapita wakiwa jikoni kwa mtu.

Hao ndio ningependa tuanze nao, maana wapo tayari, Mtwara mjini, Tandahimba, Newala, Nanyumbu, na wengine wamesogea mpaka Lindi. Halmashauri ziwafundishe watendaji wa vijiji kifungu cha 9 kinasema nini na kinawadai nini, kwa Kiswahili chepesi, kwenye karatasi moja ya kubandikwa ofisini. Kamati ya kitaifa inayopitia maombi na kumshauri Waziri wa Mambo ya Ndani ifike Mtwara na kukaa, ikiwa na wakalimani na wahojaji wa kike, badala ya kusubiri mwombaji aifuate. Aliyechelewa kujitokeza kwa woga asihesabiwe mwongo kwa kuchelewa kwake. Na mashambulizi yakipamba moto tena ng'ambo, kwa maana hayajakoma, anayefika Mtambaswala akisema amekimbia, asipandishwe gari la kurudi mpaka mtu amekaa naye chumbani, mlango umefungwa, akamsikiliza amekimbia nini.